Nusu Yako, Nusu Yangu

JUMATANO, SAA KUMI JIONI

Bomai aliweka kopo la samaki mezani, akasema hilo ndilo lori.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka lake. Bati juu, udongo chini, magunia ya kahawa yamepangwa hadi kwenye dirisha ili wa nje asione. Watu watatu tu. Bomai mwenyewe, mwenye genge, mtu wa mabega mapana ambaye siku hizi mkanda wake ulikuwa na matundu mapya mawili. Gande, kijana wa miaka ishirini na saba, mdomo mwekundu kwa popoo, mkono haubanduki kwenye gobore lake la kuchonga. Na Siune, dereva, aliyekaa juu ya gunia kwa sababu kusimama kulimshinda tangu asubuhi.

Bomai akalaza njiti ya kiberiti mbele ya kopo. Hilo gogo la kuziba barabara. Lori limetoka bandarini Lae, leo linalala Goroka. Kesho saa tano na ushee linafika kona ya Mivinje, pale linapolazimika kwenda mwendo wa mtu mgonjwa. Gande anasimama mbele, Bomai upande wa dereva. Dereva anashushwa, haguswi. Damu ya mtu wa pwani ikimwagika kwenye ardhi yetu, koo zitapigana mpaka wajukuu, na yeye hataki hayo. Siune anashika usukani, maana ni yeye peke yake anayezijua breki za upepo. Kilomita kumi na nane hadi njia panda ya Gumari. Wanakata kushoto, kiwanda cha zamani cha kahawa. Mnunuzi atakuwepo na gari lake. Basi.

Gande aliuliza kama jasho lote hilo ni la mchele.

"Mchele uko juu," Bomai akasema. "Chini kuna makatoni arobaini ya dawa."

"Dawa gani?"

"Za ngoma, za virusi."

Gande akatema mate mekundu pembeni, akacheka. Akasema yeye hashiki makatoni hayo mpaka aletewe glovu, asije akarudi nyumbani anakonda kama fulani na fulani, akawataja kwa majina. Bomai hakucheka. Alisema tu kwamba mnunuzi atauza kidonge kimoja kimoja, kwa wale wanaoona haya kupanga foleni zahanati, na kwamba watu wenye haya ni wengi kuliko wasio nayo.

Siune alikuwa anaujua mzigo huo kabla hawajakaa. Mkewe, Wena, alikuwa amemwambia. Sista Ludi wa zahanati ya misheni pale Gumari aliwaambia wagonjwa wake wavumilie, Alhamisi dawa zinakuja zimefichwa chini ya mchele, na kila mtu afunge mdomo. Zahanati ilikuwa kavu mwezi mzima. Madereva wa dawa waligoma kupita kona ya Mivinje.

Na walikuwa na haki ya kugoma. Mwezi wa pili lori lilisimamishwa palepale, na waliolisimamisha ni hawa watatu waliokuwa wamekaa hapa. Walichukua samaki wa makopo na sukari. Makatoni mengine hawakuyajua, wakayatupa mtoni. Siune alitupa kwa mikono yake. Katoni moja ilipasukia kwenye jiwe, vichupa vyeupe vikamwagika majini, akavitambua. Ni vilevile alivyokuwa amevificha nyumbani kwake. Akanyamaza, kwa sababu kusema angetakiwa aeleze amevijuaje.

Jambo hilo halikumwachia usingizi tangu siku ile. Sasa Wena ana mimba ya miezi minane, na vidonge vilivyobaki ni vinne.

Bomai alikusanya simu zote, akazitumbukiza kwenye sufuria, akakalia kifuniko. Kisha akawakumbusha utaratibu. Mwanaume anayekwenda kazini halali na mkewe wala hali chakula cha mkono wake. Usiku huo wangelala nyumba ya wanaume, wote watatu, mlango mmoja.

ALHAMISI, SAA KUMI NA MBILI ASUBUHI

Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mashamba. Walichoma viazi vitamu wenyewe, wakavila na majivu yake. Siune alikula nusu kiazi tu.

Gande alimtazama akasema, "Mzee, wewe umechoka. Baada ya hii, rudi ukalime."

"Nitalima," Siune akasema.

Hakuwa anajibu mzaha. Alichoka kweli. Alichoka na kona, alichoka na kuogopwa na watu ambao zamani alicheza nao, alichoka na mwili uliokuwa unatoka jasho kwenye baridi. Wiki ya tano hiyo hajameza kidonge. Zahanati ilipokauka, yeye na Wena walikuwa na vichupa viwili nyumbani, kimoja chake, kimoja cha Wena. Akavimimina pamoja akampa Wena vyote. Alifanya hivyo akijua anachofanya.

Alijua kwa sababu Sista Ludi alimfundisha, siku ile ya kwanza, alipokwenda zahanati kwa mlango wa nyuma amejifunika kofia hadi machoni. Sista alikuwa mwanamke mfupi, mkali, asiyemwonea mtu huruma usoni. Alimwambia hivi: kidonge ni uzio wa shamba la viazi, na kirusi ni nguruwe. Uzio hauui nguruwe, kazi yake ni kumweka nje. Ukiacha pengo, anaingia. Na ukijenga uzio nusu kimo, hapo ndipo unapofanya ujinga mkubwa zaidi, maana unamfundisha kuruka. Akishajua kuruka, hata uje uongeze mbao, atauruka huohuo. Kila siku, saa ileile, kidonge kizima. Basi. Siune alikuwa mtoto wa wafuga nguruwe na hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Kwa hiyo hawakugawana. Wawili nusu nusu ilikuwa kupoteza wote watatu, na mtoto ndani. Mmoja mzima ilikuwa kuokoa wawili. Wena alilia siku mbili, kisha akakubali kwa ajili ya mtoto.

Cha jana usiku alimwachia Wena; vile vinne alikuwa anavibeba yeye, kwenye chupa ya chokaa ya kulia popoo, ndani ya mkoba wake wa kufuma. Nyumbani havikufichika. Pale kwao kitu kikionekana kinagawanywa, na shangazi yake aliwahi kumeza viwili kwa ajili ya kichwa kumuuma, akasifu kwamba vimemsaidia.

SAA NNE NA NUSU

Gogo lilikuwa tayari, limeegemezwa kwenye mvinje, kamba moja linaanguka. Gande alikuwa mbele juu ya jiwe anaangalia barabara. Bomai na Siune walichuchumaa kwenye majani, bega kwa bega.

"Shemeji," Bomai akasema, "chokaa."

Kupil, mke wa Bomai, alikuwa binti wa baba mdogo wa Siune. Hata asingekuwa, chokaa hainyimwi. Mtu anayekunyima chokaa yuko tayari kukunyima na maji. Siune akatia mkono mkobani. Chupa zilikuwa mbili, ya chokaa na ya vidonge, na mkono ulikuwa unatetemeka kwa homa. Akatoa.

Bomai akafungua, akagonga chupa kwenye kiganja. Kikaanguka kidonge. Akagonga tena, kikaanguka cha pili.

Siune alikaa akisubiri. Bunduki ya Bomai ilikuwa magotini.

Bomai alivitazama vidonge muda mrefu. Kisha akavirudisha, kimoja baada ya kingine, akasukuma pamba ndani kama alivyoikuta, akafunga kifuniko. Akamwekea Siune chupa mkobani kwa mkono wake.

"Ya shemeji imeganda," akapaza sauti. "Gande, tupia yako."

Gande akatupa. Bomai akatafuna, akatema. Ikawa ni Siune sasa anayejiuliza. Mtu yeyote wa bonde lile akiona kidonge asichokijua anauliza ni cha nini, kisha anaomba kimoja. Bomai hakuuliza wala hakuomba.

SAA TANO NA ROBO

Lori lilikuja likiguna. Kamba ikakatwa. Gogo likalala barabarani, Gande akatokea mbele na gobore lake, Bomai akafungua mlango.

Dereva alikuwa mzee wa pwani, mvi tupu. Alishuka mikono juu bila kuambiwa, kama mtu aliyeshuka hivyo mara nyingi. Alisema mchele wachukue wote, hana ugomvi nao.

"Lakini wanangu, mzigo wa chini niachieni," akasema. "Ule una watu wake wanausubiri."

Gande alimpiga teke la paja, mzee akapiga goti. Alipoinua mguu tena Bomai alimshika kola, akamsukuma apande juu ya mzigo, akamwambia kazi imekwisha, apande. Mzee akaambiwa atembee kurudi alikotoka asitazame nyuma. Akaenda anachechemea.

Siune alipanda kwenye usukani. Kiti kilikuwa bado na joto la yule mzee. Wakasogeza gogo, Bomai akapanda upande wa pili, lori likaondoka.

SAA TANO NA NUSU

Kilomita tano za kwanza barabara ilikuwa mashimo matupu, na kila shimo lilimpanda Siune mgongoni. Nyuma, kupitia kidirisha, Gande alionekana amekaa juu ya magunia ya mchele anaimba.

Mwisho Siune akasema, "Ulivijua."

Bomai akatazama nje.

"Vile vidonge, shemeji. Hukuuliza."

"Kupil hupewa vilevile," Bomai akasema. Baada ya kona nyingine akaongeza, "Mimi siwezi kwenda pale. Unanionaje mimi kwenye foleni ile, na akina mama na vikapu? Nani atasimamisha gari kwa jina langu tena?"

"Sasa unafanyaje?"

"Tunagawana." Alisema kwa sauti ya chini, na Siune akasikia fahari ndani yake. "Anakata kwa wembe, kila usiku vikiwapo. Nusu yake, nusu yangu. Mwaka wa pili huu. Hajawahi kuninyima hata siku moja dada yako."

Siune alikuwa amemwona Kupil kwenye foleni ile, mara nyingi, yeye akiwa amejibanza kwa nyuma. Hakosi tarehe. Wa kwanza kufika. Na kila mwezi gauni linazidi kumpwaya, na Sista Ludi anamwuliza, mama unameza kweli? Naye anaapa kwamba anameza. Siune alikuwa hajaelewa. Sasa ameelewa, na hasira ikampanda, na huruma ikampanda juu yake.

Akamweleza. Hakujua kueleza kwa maneno ya zahanati, akaeleza kwa nguruwe. Uzio, kimo, kuruka. Bomai alisikiliza bila kugeuza uso.

"Kwa hiyo nini?" akauliza.

"Kwa hiyo mmejenga uzio nusu kimo kwenye mashamba mawili. Miaka miwili mnawafundisha kuruka."

"Nina makatoni arobaini nyuma yangu hapo. Mawili nitayaweka ndani. Tutameza vizima mpaka tuzeeke."

"Vinaweza visifae tena. Anatakiwa kupimwa damu, abadilishiwe. Wewe pia. Mwenye kujua kipi kinafaa ni yule mwanamke wa Gumari na kitabu chake. Unaweza kuiba malori kumi, shemeji, hutakuwa umekijua."

Bomai akaweka mdomo wa bunduki kwenye mbavu za Siune. Hakukaza. Aliuweka tu, kama mtu anayetafuta pa kushikilia.

"Unasema namuua mke wangu."

"Nasema hamkujua. Mimi nilijua, ndiyo maana yangu ni mabaya zaidi." Na Siune akamwambia habari ya mwezi wa pili, ya makatoni ya mtoni. Akamwambia kwamba aliviona vichupa vinaelea akanyamaza, na kwamba zahanati ilikauka kwa sababu yao watatu, na wembe wa Kupil ukawa hauna hata cha kukata.

"Na wewe na Wena mnagawanaje?" Bomai akauliza.

"Hatugawani. Anameza yeye."

"Na wewe?"

"Wiki ya tano sasa."

Bomai akaitazama mikono ya Siune kwenye usukani. Ilikuwa inatetemeka, na sasa hakukuwa na haja ya kuificha.

SAA SITA KASORO DAKIKA KUMI

Njia panda ya Gumari ina kibanda cha kuuzia karanga na nguzo iliyoinama. Kushoto kiwandani. Kulia zahanati.

"Nakata kulia," Siune akasema. "Ukitaka kunipiga, ngoja nisimamishe kwanza. Breki hizi huzijui."

Bunduki ilibaki pale mbavuni. Siune akazungusha usukani, akauzungusha kwa mwili mzima kwa sababu mikono haikutosha, na lori likaenda kulia.

Wimbo wa nyuma ukakatika. Gande akagonga paa. Akagonga tena. Kisha uso wake ukaja kwenye kidirisha, akapiga kelele wamepotea njia, kushoto, kushoto. Alipoona hakuna anayegeuka akaelewa vingine.

Gobore lina risasi moja. Kioo kilimwagika, na Siune akasukumwa mbele kama mtu aliyepigwa mchi wa mgongo. Bega la kushoto likafa papo hapo. Lori likayumba kuelekea kwenye korongo.

Bomai aligeuka, akatoa bunduki yake kupitia tundu la kioo, akamwambia Gande ashuke. Gande akamwita msaliti. Akamwambia anawauza kwa nini, kwa wagonjwa? Kwa maiti zinazotembea?

"Mimi ni mmoja wao," Bomai akasema. "Shuka, mdogo wangu. Sitaki kukuua."

Gande alimtazama kinywa wazi. Alitazama mkono wake mwenyewe, ule uliozoea kupokea popoo kutoka kwa Bomai kila siku, akaufuta kwenye suruali. Kisha akaruka kwenye mibuni ya kando ya njia na hawakumwona tena.

Siune aliendesha kwa mkono mmoja. Gia hakuziweza.

"Ya tatu," akasema. "Vuta kwako. Sasa shusha."

Bomai akavuta, akashusha. Gia ikalia ikaingia. Hivyo ndivyo walivyozimaliza kilomita tatu za mwisho, mmoja na usukani, mmoja na gia, na damu ya Siune ikijaa kwenye kiti cha yule mzee.

SAA SITA NA ROBO

Foleni ilikuwa imekaa nyasini mbele ya zahanati, watu zaidi ya mia, wanawake wengi. Lori lilipoingia wakasimama kwa furaha. Bomai alipoteremka na bunduki wakaanza kukimbia.

Bomai akaiinua bunduki ili waione, akaitoa risasi zote, akailaza juu ya magunia ya mchele. Akamfungulia Siune mlango, akambeba mgongoni hadi barazani, akamlaza kwenye benchi. Wena alikuja anakimbia na tumbo lake mikononi.

Sista Ludi akakata shati kwa mkasi. Alisema risasi imepita kwenye nyama, mshenzi atapona, na kwamba atakapopona atamgombeza, kwa sababu Wena ameshamwambia habari ya wiki tano. Siune akamwomba Wena achukue chupa ya chokaa mkobani. Akamwambia vimo vinne, na cha leo ni saa mbili usiku, asisahau kwa ajili ya vurugu hizi.

"Saa mbili," Wena akasema. Alikuwa analia na kubana kidonda kwa kanga ya kichwani kwake.

Sista akaosha mikono, akaagiza makatoni yateremshwe, akakaa mezani na kitabu chake. Watu wakarudi polepole kwenye mstari. Kupil alikuwa amebaki amesimama peke yake katikati ya uwanja, mwembamba, anamtazama mumewe.

Bomai alivuka ule uwanja. Ilikuwa kama hatua thelathini, na Siune, kutoka kwenye benchi, aliona kwamba ni mbali kuliko zote alizowahi kumwona akienda. Bonde lote lilikuwa linamtazama. Alifika, wakaenda pamoja kwenye foleni, akasimama nyuma ya mkewe. Waliokuwa nyuma wakarudi hatua mbili, wakaacha nafasi. Hakugeuka.

Alimnong'oneza Kupil kitu. Siune hakukisikia, lakini alijua ni nini, kwa sababu Kupil aliziba mdomo kwa mikono miwili. Baadaye akatia mkono kikapuni, akatoa kijikaratasi kilichokunjwa, na alipopita karibu na ndoo ya sindano alikitumbukiza ndani. Kilikuwa na wembe.

SAA SABA

Gari la polisi lilikuja na vumbi lake. Yule mzee wa pwani alikuwa amekaa mbele, kando ya sajini. Polisi wanne waliruka na bunduki tayari kwa vita, wakasimama, hawajui wamwelekezee nani. Lori lilikuwa limeegeshwa vizuri. Mchele haukupungua. Na mtu waliyemtafuta miaka sita alikuwa kwenye mstari wa akina mama, mikono mitupu.

Mmoja akaja akamfunga Siune pingu kwenye mguu wa benchi. Siune hakumlaumu. Alikuwa na usingizi mzito, na Wena alikuwa anampiga makofi mashavuni asilale, na yeye mwenyewe hakutaka kulala kabla hajaona.

Sajini akaenda kwa Bomai na pingu mkononi.

"Afande," Bomai akasema, kwa sauti ya kusikika na wote, "bado watu wanne mbele yangu."

Sajini alimtazama Sista Ludi. Sista hakuinua kichwa kutoka kwenye kitabu. Alisema hapa ni zahanati, kila mtu anangoja zamu yake, na polisi wakikaa chini hawatamzibia mwanga.

Sajini akakaa chini kwenye ngazi. Mama mmoja mezani akapewa chupa yake, akaondoka.

Wakabaki watatu.